Kurasa Tisini na Sita Ndani ya Kishikwambi

Jumatatu, 3 Juni

Nimeupata! Nesi Veronika wa zahanati yetu hapa Rutamba amenirushia mwongozo wa mhudumu wa afya wa kitongoji. Kurasa tisini na sita. Umeingia kwenye kile kishikwambi cha zamani alicholeta binti yangu Naima kutoka Rasbura. Nafasi ni moja. Usaili ni Jumatatu ijayo.

Naitaka kazi hii kwelikweli. Mwanangu wa pili alinitoka kwa kuhara, na hakuna aliyepiga hodi kuniambia nifanye nini. Nataka niwe mimi wa kupiga hodi.

Mshindani wangu ni jirani, Brigita. Ana darasa la saba na haachi kutukumbusha. Lakini leo alikuwa kwenye sala ya jumuiya, hakuupata mwongozo. Nesi keshaondoka kwenda Lindi, harudi mpaka siku ya usaili. Brigita akaniuliza ukutani kama nina cha kumrushia. Nikamwambia chaji imeisha, shoga yangu. Astaghfirullah. Ilikuwa imejaa.

Jumanne, 4 Juni

Mwongozo hauonekani! Nimetafuta kwenye picha, haupo. Kwenye muziki, haupo. Nimekigeuza kishikwambi, nimekitikisa. Nikampigia Naima nalia. Akacheka kwanza, mtoto huyu, halafu akasema mama, bonyeza pale penye alama ya jalada la ofisini, faili zote hukaa mle. Kweli, ulikuwa mle.

Herufi kama sisimizi. Nikazivuta kwa vidole viwili, zikakua, zikakua, mpaka neno DAWA likajaa kioo kizima. Nikasoma neno moja moja kama nachambua mchele. Nilikuwa nimetoka kukuna nazi, kidole kina mafuta, ukurasa ukagoma kugeuka. Hadi adhuhuri nimemaliza kurasa mbili. Nimepiga hesabu na mume wangu Nassibu, akasema kwa mwendo huu nitamaliza baada ya Idi, na wala hakutaja Idi ipi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata akili! Imenijia nikiwa napepeta.

Baba yangu alipofariki, khitma yake tuliisoma vipi? Juzuu thelathini, watu thelathini, kila mmoja na yake. Pilau haijaiva, msahafu mzima umesomwa. Sasa mwongozo una nini cha kuushinda msahafu? Wanawake sita, kurasa kumi na sita kila mmoja. Kwa alasiri moja, tumemaliza!

Nassibu akasema khitma husomewa marehemu, sasa huo mwongozo umekufa lini? Nikamwambia anyamaze anywe chai. Akasema tena kwamba kwenye usaili wataniita mimi peke yangu, siyo ukoo. Wivu tu.

Nimewaita wenye simu za kupapasa: Mboni, wifi yangu Mwanaima, Rehani na wawili wa bondeni. Kurasa za kuhara nimezichukua mwenyewe. Mboni nimempa wajawazito, Rehani malaria na vyandarua. Wote wamekubali. Mboni kauliza kama kutakuwa na pilau. Nimesema kutakuwa na maandazi.

Ijumaa, 7 Juni

Siku ya kurusha. Aibu yangu! Wamekaa barazani wote, simu mkononi, blututhi wazi. Kishikwambi kikaniletea orodha ya simu za kurushia, na zote zina jina la kiwanda, hakuna iliyoandikwa Mboni. Nikabonyeza ya juu kabisa. Ikasema imefika. Nikasema Mboni, umepata? Mboni akasema bado. Mwanaima, bado. Rehani, bado.

Mara sauti ya Brigita ikatoka upande wa pili wa ukuta. Ahsante sana dada! Umekuja wote, kurasa tisini na sita! Nilidhani umeninyima, kumbe ulikuwa unachaji! Mungu akubariki!

Nikasema amina.

Hao wengine walipata baadaye. Wamesoma kwelikweli, jamani. Mwanaima kwa sauti, Rehani kwa kidole, wa bondeni wakigombania miwani moja. Maandazi yameisha kabla ya magharibi, na mwongozo pia. Nimewashukuru machozi yakinilenga. Umesomwa wote! Brigita yuko peke yake na taa yake, maskini.

Jumatatu, 10 Juni

Usaili.

Nesi Veronika na mwenyekiti wa kitongoji, nyuma ya meza. Swali la kwanza: dalili za hatari kwa mama mjamzito. Nikajibu bila kusita kwamba hilo liko kwa Mboni.

Nesi akauliza Mboni ni nani. Nikaeleza. Akauliza la malaria. Nikasema la malaria Rehani analo, tena analijua vizuri, nilimsikia. Mwenyekiti akafunika uso kwa daftari, mabega yanatikisika. Akauliza kama tuahirishe nikawakusanye.

Halafu likaja la kuhara. Hapo nilisema! Maji ya chumvi na sukari, mtoto kuendelea kunyonya, macho yakididimia kimbia zahanati, usingoje kuche. Nikamtaja na mwanangu. Nesi akaweka kalamu chini. Mwenyekiti akaacha kucheka.

Brigita kajibu yote. Nafasi kapewa yeye. Nimempa mkono.

Lakini nesi akaniita pembeni. Akasema kitongoji cha bondeni hakina mhudumu, usaili wake ni mwezi ujao, na mtu aliyewasomesha wanawake watano kwa sahani ya maandazi, yeye nesi hawezi kumwacha hivihivi. Sharti moja tu, akanishika bega: Mama Naima, safari hii mwongozo uusome wewe. Wewe mwenyewe. Wote. Nikaapa.

Jumanne, 11 Juni

Alhamdulillah, sina shida tena!

Naima kapiga asubuhi. Nikamweleza kiapo changu. Akasema mama, kama macho yanachoka, bonyeza alama ya sikio, kishikwambi kitakusomea. Nikabonyeza. Lo! Mwanamke wa ndani akaanza kusoma kwa Kiswahili, hakohoi, hapumziki, hataki andazi. Anamshinda Brigita mbali!

Nikakiweka juu ya kigoda sebuleni, nikakifungulia ukurasa wa kwanza, nikafunga mlango kuku wasije wakakidonoa, nikaenda shamba kuvuna ufuta. Nimerudi saa kumi, kiko ukurasa wa arobaini na moja. Arobaini na moja kwa siku moja, na ufuta nusu shamba!

Nassibu ameuliza kichwani kwangu zimeingia ngapi. Huyu mwanaume hajui kusoma kunavyokwenda siku hizi. Kesho nakwenda mtoni kufua. Nguo ni nyingi. Nikirudi nitakuwa nimemaliza.