Chonge za Mtu wa Nta

Jumatatu, 9 Juni

Nta anaondoka. Ametangaza leo asubuhi, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama maji yamechemka. Jumapili anahamia maabara nyingine, mji mwingine. Nilikuwa nasaga gego la mteja. Nilipolitazama tena lilikuwa limebaki kama punje ya mchele. Nimeanza upya.

Kwa faida yangu mwenyewe, nikizeeka na kusahau: Nta ni yule anayekaa kuliani kwangu katika maabara yetu ya meno bandia. Huchonga meno kwa nta kabla hatujayamimina, ndiyo asili ya jina. Mikono yake haina haraka. Ndiye aliyeniazima mchezo wa kompyuta wa wanyonyadamu, akasema, "Ukifika mwisho, tukae tuzungumze." Hakusema tuzungumze nini. Nimeifikiria sentensi hiyo kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

Kwa hiyo: lazima nimalize mchezo kabla hajaondoka.

Kikwazo ni mnyonyadamu wangu. Mwanzoni unamgawia alama: za nguvu, za kujificha, za ulimi. Nilizimwaga zote kwenye nguvu na kujificha. Nilidhani mnyonyadamu hana haja ya maneno. Kumbe katika mchezo huu haingii nyumba ya mtu mpaka mwenyewe amkaribishe, na kukaribishwa kunataka ulimi. Anaweza kunyanyua gari. Hawezi kuomba kiti. Sasa amekwama nje ya nyumba ya daktari mwenye ufunguo wa sehemu ya mwisho. Nimejaribu kila jibu nililopewa. Daktari amefunga pazia.

Jumanne, 10 Juni

Mpango: ugonjwa. Nipewe ruhusa, nirudi nyumbani, nicheze kutwa. Nilichagua kuumwa jino. Kwamba nafanya kazi katika maabara ya meno, hilo sikulipa uzito wake.

Mkuu wa maabara alivuta kiti chini ya taa akaniambia nifungue mdomo. Akamwita na Dada wa Plasta, ambaye humimina plasta na kuongea kwa niaba ya watu watatu. Dada wa Plasta akasema haoni kitu, ila ulimi wangu ni wa mtu asiyekunywa maji. Ndipo Mkuu akamwita Nta.

Nta aliosha mikono kwanza. Akainama na kioo chake kidogo. Alinukia sabuni na nta ya moto. Akakagua jino moja moja, bila kuruka, kisha akasema polepole kwamba hayana tatizo lolote, na kwamba mwenye meno haya hana sababu ya kucheka akiwa ameziba mdomo.

Kumbe ameona kwamba huwa naziba mdomo.

Nilikuwa na jibu. Kioo kilikuwa mdomoni.

Nimerudishwa kazini. Jino sasa linauma kweli.

Jumatano, 11 Juni

Nimecheza kabla ya kwenda kazini, pazia limefungwa ili nione vizuri giza la mchezoni. Mama akaingia kuuliza nani amekufa. Akakaa kitandani kwangu, akatazama, akauliza huyu bwana mlangoni anangoja nini. Nikamweleza sheria ya kukaribishwa. Mama akasema basi ana adabu kuliko wajomba zangu, ambao huingia moja kwa moja hadi jikoni na kufunua sufuria. Akauliza sasa kwa nini hasemi kilichomleta. Nikamwambia hana alama za ulimi. Mama akasema maskini, akaenda zake.

Mpango mpya: zawadi. Sisi mafundi tulipoanza kazi tulipimana midomo ili tujifunze, na maumbo ya plasta ya meno yetu yapo mpaka leo, rafu ya juu. Wenzangu walipokwenda kula nimelishusha la Nta. Nitamtengenezea meno ya mnyonyadamu: kifuniko chembamba cha kuvaa juu ya meno yake, chenye chonge mbili ndefu. Atavaa, atacheka, ataniuliza kwa nini nimehangaika hivi. Nami nitajibu. Jibu nitalitunga kesho.

Kumbuka: chonge yake ya kushoto imegeuka kidogo, kama mtu anayemsikiliza jirani. Kushoto kwake ndiko ninakokaa. Sijengi hoja yoyote. Naandika tu.

Alhamisi, 12 Juni

Zimekamilika! Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimezifanyia chini ya meza. Nilipokuwa nang'arisha ile ya kushoto nilijikuta nimetulia tu, nimeishika, kama mtu aliyesimamishwa njiani na wimbo.

Dada wa Plasta akaanza kuzungukazunguka, akiuliza eti mimi, mdogo wake, natabasamu na nani. Nikayatia meno kwenye boksi jeupe na kuyaficha mahali ambapo hakuna atakayeshuku: rafu ya kazi zilizokamilika, katikati ya maboksi meupe. Nafasi haikuwepo, hivyo niliondoa boksi moja nikaliweka mezani kwangu na kutia langu palepale lilipokuwa. Ujanja wangu ulinitisha kidogo.

Nimetoka kunawa, rafu tupu. Dada wa Plasta amepeleka mzigo wote kliniki leo badala ya kesho. Kwa wema tu. Yeye hufuata majina yaliyobandikwa kwenye rafu, hafungui maboksi. Lile nililoliondoa lilikuwa na meno ya mwalimu mkuu mstaafu.

Sijala.

Ijumaa, 13 Juni

Kliniki imepiga simu. Mwalimu mkuu alifungua boksi mbele ya wajukuu. Hayakumwingia. Lakini aliyashika mbele ya mdomo akawaamuru wajukuu wakae chini, na wote wakakaa. Kwa hiyo hataki kuyarudisha. Anasema miaka yote ya ualimu hakuwahi kusikilizwa namna ile. Ilibidi daktari wa kliniki ambembeleze.

Mkuu akatupanga mstari, akauliza ni nani. Nikafungua mdomo. Nta akasema ni yeye. Eti mzaha wa kuaga. Mkuu akamwambia ashukuru Mungu anaondoka kwa miguu yake.

Mchana meno yakarudi. Nta akayaosha, akayageuzageuza, akayavaa. Yakakaa. Palepale, bila kusukumwa. Chumba kizima kikaacha kazi, hata Dada wa Plasta, maana sote tunajua meno hayamwingii mtu kwa bahati.

"Haya ni yangu," Nta akasema. Chonge zilimpa kithembe. "Umenipima lini?"

Nikasema yalikuwa mazoezi ya mkono.

Akasema kesho yuko nyumbani anafunga mizigo, nipite tukae tuzungumze. Nikamkumbusha kwamba sijafika mwisho wa mchezo. Akasema si kitu, nije tu. Nikamwambia masharti ni masharti. Mimi! Kwa mdomo huu huu! Dada wa Plasta aliinua macho kutoka kwenye ndoo yake akanitazama kama mtu anayeona gari likirudi nyuma kuelekea mtaroni.

Nta akayavua meno, akayafunga kwenye leso, akaitia mfukoni mwa shati.

"Basi mlango utakuwa wazi," akasema. "Karibu."

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda. Gauni la kijani, kisha la bluu, kisha tena la kijani.

Mlango ulikuwa wazi kweli, ameuwekea tofali usijifunge. Nilimsikia ndani akivuta utepe wa gundi, akipiga mluzi, akinyamaza, akivuta tena. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kizingitini. Ndipo swali likanijia: mwaliko wa jana unahesabika leo? Katika mchezo mwaliko hufa jua likichomoza. Jua lilikuwa limeshachomoza, tena kali. Nikaamua kungoja anikaribishe upya. Tatizo ni kwamba hakujua nipo, kwa kuwa nilikuwa nimejibanza nyuma ya tangi la maji.

Mzee mmoja jirani akapita na ndoo, akauliza kama hii ni foleni. Nikasema ndiyo. Akasimama nyuma yangu. Tukangoja pamoja, kwa heshima, mpaka akauliza foleni ya nini.

Kisha Dada wa Plasta akatokea na kamba za kufungia mizigo.

"Mdogo wangu, unafanya nini hapo? Ingia ndani."

Nikasema napita tu.

"Unapita kwenda wapi? Huo ni ukuta."

Akanishika mkono. Nikautoa. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akapiga hodi akiwa tayari ameshaingia, akamwambia Nta kwa sauti kubwa kwamba kuna mgeni nje. Nilisikia mluzi unakatika. Nilisikia miguu inakuja.

Nilikimbia. Mzee akasogea mbele kwenye foleni.

Jumapili, 15 Juni

Ameondoka na basi la asubuhi. Nimeisikiliza nyumba yetu. Bomba linadondosha. Kesho kuliani kwangu patakuwa na meza iliyofutwa vumbi na hakuna mtu wa kunisikiliza nikisaga.

Baada ya chakula cha mchana simu ikalia. Ujumbe wake: "Nimefika. Chumba kina baraza, nimeweka viti viwili. Njoo siku yoyote. Mchezo wako uache hukohuko."

Nimeusoma mpaka Mama akaninyang'anya simu, akausoma yeye, akanirudishia kwa mikono miwili kama kitu cha kuvunjika.

"Mjibu, mwanangu," akasema. "Mjibu sasa hivi."

Nimejifungia chumbani nifikiri kwa utulivu. Namshukuru Mungu, wiki hii imenifundisha mengi. Kosa nimeliona: kosa ni alama. Nimemfuta mnyonyadamu wangu, nimeanzisha mwingine, na huyu nimempa alama zote za ulimi. Hakuna mlango utakaomkataa. Nikifika mwisho nitamjibu Nta, kwa maneno yanayostahili.

Tumeanza vizuri. Kwenye lango la kwanza kuna mbwa. Mbwa haelewi maneno, na huyu wangu hana nguvu hata ya kurusha jiwe, kwa hiyo kwa sasa yuko juu ya mti, anazungumza vizuri sana. Mbwa amelala chini. Hatuna haraka.