Mananasi Matatu kwa Mwalimu Chuang

Jumatatu, 13 Mei

Hong ameitwa! Usaili wa uuguzi, chuo kiko Tainan, ile kozi ya watu ambao tayari wana shahada nyingine. Mwanangu anayo, ya historia. Ana miaka thelathini na moja, mrefu, mpole, na walimu wenyewe wanataka kumwona. Nilipiga ukelele mpaka mteja mmoja akajimwagia supu.

Kabla ya mchana soko zima la Chiayi lilikuwa linajua. Sikusema "ameitwa". Nilisema "ameingia". Tofauti ndogo.

Wifi yangu Bi-hia akaja kibandani, akala wali wangu wa bata mzinga bila kulipa kama kawaida yake, kisha akauliza mbele ya watu: hivi kweli mwanamume mzima anaenda kuosha migongo ya wazee? Nikamwambia asijali, mgongo wake ndio utakaotangulia, tena kwa brashi ya sufuria. Watu wakavunjika mbavu. Yeye akanuna. Akakumbusha kwamba mwaka jana Hong alikataliwa, na kwamba kwenye duka lake la vigae nafasi ingali wazi.

Kinachoniuma ni kwamba Hong ameshakubali. Safari hii akikosa, harudii tena, anakwenda kubeba vigae vya shangazi yake. Vigae! Mtoto aliyelala kwenye kitanda cha kukunja hospitalini siku zote baba yake alipopasuliwa tumbo, akamgeuza, akamnyoa ndevu, akarudi nyumbani amekonda akisema sasa ameijua kazi yake. Labda nife kwanza.

Jumatano, 15 Mei

Nimekwenda hekaluni kwa mungu wa mitihani. Nikarusha vile vibao viwili vya kuuliza miungu, nikauliza: Hong atapita? Vikajibu hapana. Nikarusha tena. Hapana. Nikaona labda swali lina kasoro. Nikauliza kama mungu anaupenda wali wangu wa bata mzinga. Ndiyo! Nikaondoka na hiyo ndiyo yangu haraka, kabla hajabadilisha mawazo.

Jioni tukafanya mazoezi ya usaili, mimi ndiye mwalimu. Nikamuuliza kwa nini anataka uuguzi. Akasema anataka kuwa karibu na watu wakati wanaogopa. Nikamwambia jibu hilo halina chumvi, aseme amelelewa vizuri na mama yake. Akakataa katakata. Ubishi huo ni wa ukoo wa baba yake.

Jumapili, 19 Mei

Habari nzito! Muuza tofu ana mpwa wake chuoni. Mkuu wa jopo ni Mwalimu Chuang, mama mkali, alisimamia chumba cha dharura miaka na miaka, na hadi leo anakwenda kushika zamu.

Nikafikiri: mwanamke kama huyo amekosa nini? Kazi yake inahitaji baraka. Na mimi baraka nazijua. Nanasi! Tangu nifungue kibanda sijawahi kukosa nanasi kwenye kaunta, na foleni yangu haijakatika. Kila mfanyabiashara hapa anajua nanasi linavyovuta watu, maana kwetu jina lake linasikika kama "neema inakuja". Basi nimeagiza matatu makubwa kutoka Minhsiung, yenye vichwa vya kijani kama tausi.

Baba Hong aliinua uso kwenye nyama aliyokuwa anachambua, akaanza kusema eti alipokuwa amelazwa kule hospitali alisikia manesi wakisema... Nikamwambia achambue nyama. Akachambua.

Hong amenisihi nisimfuate Tainan. Amenishika mikono yote miwili. Nimekubali.

Nakwenda.

Jumamosi, 25 Mei

Hong alipanda treni ya asubuhi. Mimi nilishapanda iliyotangulia, kikapu mapajani, eproni mwilini kwa sababu nilitokea kibandani moja kwa moja. Na eproni ndiyo iliyoniokoa! Mlinzi alidhani nimeleta chakula cha walimu, akanifungulia mwenyewe chumba cha usaili. Nikayapanga mananasi mezani, moja mbele ya kila kiti, utepe mwekundu shingoni. Yamependeza kama maharusi. Nikatoka kukaa koridoni na vijana wanaosubiri. Hong alipofika akaniona, rangi ilimtoka. Nikamwambia atulie, mama ameshaweka mambo sawa.

Akapita Mwalimu Chuang na wenzake wawili. Mfupi, nywele zimekaa kama helmeti. Mlango ukafungwa. Kisha nikasikia, "Mungu wangu, nini hiki!" Mwalimu mmoja akatoka mbio kama aliyekanyaga nyoka. Mwalimu Chuang akasimama mlangoni, akauliza nani ameleta mananasi humu, na yeye jioni hii ana zamu.

Nikasimama. Ningekaaje kimya, sifa zipotee bure? "Mimi, Mwalimu! Mama yake Hong, yaani Bing-hong! Huyu hapa!"

Huyu hapa alikuwa amefunika uso.

Mwalimu akaniuliza, mama, wewe unauza nini? Wali wa bata mzinga, nikasema. Na nanasi unaliweka la nini? Nikamweleza: ili watu wamiminike. Akasema sawa kabisa, ila kwake yeye watu wanamiminika wakiwa wamevunjika miguu. Akauliza, sasa nataka Tainan nzima imiminike leo? Akasema aliwahi kuonja kipande kimoja tu akiwa kazini, na kabla hajakimeza basi la abiria likapinduka. Tangu hapo hata juisi yake hagusi. Korido nzima ikanitumbulia macho. Nikajitetea: lakini wakija wengi si ndiyo biashara? Binti mmoja aliyekuwa anasubiri akaguna.

Hapo Hong akaja. Hakunigombeza. Akanikalisha, akaniletea maji, akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza polepole nimekula nini tangu niamke. Ndipo nikakumbuka sijala kitu. Kisha akamwinamia Mwalimu, akasema mama yake anawatakia watu mema kwa namna ya kibandani, wamsamehe. Akayakumbatia mananasi yote, akayashusha ngazi hadi nje. Akarudi shati limechanwa na miba, jasho linamtiririka. Wakamwita vilevile alivyo.

Katika treni ya kurudi alihakikisha kwanza nimekula. Ndipo akanisimulia. Walimuuliza: ndugu wa mgonjwa akileta fujo wodini kwa sababu ya upendo, utamfanyaje? Akajibu kwamba kwanza unamtafutia kiti. Halafu unatafuta anaogopa nini.

Akanigeukia. "Mama, unaogopa nini?"

Mimi! Nikamwambia siogopi kitu, nikageuka kutazama mashamba ya mpunga. Madirisha ya treni hayafunguki, lakini vumbi liliniingia machoni.

Jumatatu, 27 Mei

Bi-hia ameshasikia. Amekuja na shati la duka lake, la bluu, jina la Hong limeshonwa kifuani. Akauliza kama ni kweli nimepeleka mananasi kwa manesi. Nikamwambia nilikuwa nawapima. Hong akalijaribu shati. Limemkaa vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi. Mchuzi ukalimwagikia. Bahati mbaya tu.

Baba Hong akasema hilo la mananasi ndilo alilotaka kuniambia siku ile. Nikamwambia siku nyingine apaze sauti.

Ijumaa, 7 Juni

Matokeo! Hong ni wa kwanza!

Wa kwanza kati ya watu wa akiba. Mmoja akijitoa, ndipo anaingia. Sokoni nimetangaza "wa kwanza" na kuishia hapo. Bi-hia akauliza wa kwanza wa nini. Nikajifanya kuna mteja.

Hong anaanza vigae Jumatatu. Anasema kazi ni kazi. Nimempikia kitoweo anachokipenda, akala nusu. Leo sijisikii kujisifu.

Alhamisi, 13 Juni

Simu ilipigwa saa ya foleni kubwa. Chuo! Binti mmoja, bila shaka yule aliyeguna, amechagua kwingine, je, Bing-hong anaitaka nafasi? Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo! Dada aliyepiga akasema anahitaji kusikia kwa Bing-hong mwenyewe, na kabla ya jioni. Nikafunga kibanda wateja wamesimama, kitu ambacho sijawahi kufanya, nikaruka na skuta hadi dukani kwa Bi-hia.

Hong alitua boksi la vigae chini taratibu, akapangusa mikono, akapiga simu, akasema ndiyo kwa adabu kama anazungumza na mgonjwa. Kisha akakaa juu ya boksi akalia. Baada ya muda akasema Mwalimu Chuang ametuma ujumbe: mama anakaribishwa siku ya kwanza, ila kikapu chake kitakaguliwa mlangoni.

Bi-hia naye alikuwa anafuta macho, eti ni vumbi la vigae. Hatukumaliza hata dakika, akaanza kumwambia mteja kwamba mwanawe ni muuguzi. Mwanawe! Tangu lini?

Hong ameniapisha: hakuna matunda, hakuna utepe, nisibebe kitu chochote. Nimeapa, na nimeelewa somo. Nanasi lina miba, na wale walimu wana mikono laini. Nilipaswa kupeleka kitu kisichochoma.

Kwa hiyo jioni hii sikubeba kitu. Nimewachomea udi wazee wa ukoo waliotangulia, pale nyumbani, nikawaomba jambo moja tu: siku Hong atakapovaa sare, wamletee wagonjwa wengi, wodi ijae pomoni, foleni ifike barabarani, asikae bure hata kidogo. Mama gani hamwombei mwanawe wateja?