Hakuna Farasi, Hakuna Mavi

Alhamisi, 7 Machi

Onyo la mwisho! Bi Hesketh, mwenye zizi tunakolaza farasi wetu, amenitolea uvivu mbele ya watu. Kila mwenye farasi anaokota mavi malishoni siku ya zamu yake, kasema, na mimi nimekwepa majira yote ya baridi. Nikiharibu tena, mimi na Bramble tufungashe virago.

Bramble wangu! Farasi mzee, jicho la kushoto halioni. Hatoki bandani bila Pickle, poni, yaani farasi wa kimo kifupi, mnene wa Bi Ogle, mwenzangu hapa zizini. Ukiwatenganisha hali, hanywi. Zizi lingine lenye nafasi liko mbali, ng'ambo ya mji wa Hexham, na huko hakuna Pickle. Nimeogopa mpaka nikajimwagia chai kwenye buti.

Zamu yangu ni Jumamosi. Mgongo unauma. Bi Ogle kaja kuuliza kama nina nafuu. Machozi ya mamba! Analitaka banda letu la pembeni, lisiloingia upepo. Namjua.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata! Wazo limenijia nikipiga mswaki. Mavi yanatoka kwa farasi. Hakuna farasi, hakuna mavi!

Leo ilikuwa zamu ya Bi Ogle, na ameyaacha malisho safi kabisa. Alipoondoka tu, nikawahamishia farasi wote malisho ya juu, yaliyofungwa tangu Krismasi ili nyasi ziote. Wamefurahi mno. Pickle, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, alipita langoni mbio. Kesho nitazunguka na toroli tupu nikipiga mluzi. Akili ni nywele, na zangu bado zimo.

Jumamosi, 9 Machi

Balaa. Mvua imenyesha mpaka asubuhi. Malisho ya juu yamekanyagwa mpaka ni matope matupu. Kibaya zaidi, Pickle. Kumbe daktari wa mifugo alimpiga marufuku kula nyasi mbichi, humletea ugonjwa wa kwato! Sasa zinamuuma kama moto, hawezi kukanyaga. Atafungiwa bandani wiki kadhaa. Nimeona aibu. Poni yule hajanikosea kitu.

Bi Hesketh akauliza ni mwehu gani aliyefungua lango. Nikatazama buti zangu. Bi Ogle akasema kwa sauti ndogo kwamba pengine ni yeye, jana aliondoka kwa haraka.

Nimeokoka! Ilibaki kunyamaza tu. Lakini nikamwona anavyomshika Pickle shingo, akimwomba msamaha, na maneno yakanitoka: ni mimi.

Bi Hesketh akasema kesho nisionekane. Bi Ogle, macho mekundu, ndiye aliyekataa. Akauliza, Bramble akiondoka, nani atakaa na Pickle wake mlangoni? Huyu bwana ni mpumbavu, kasema, lakini farasi wake ana kosa gani? Sijawahi kuitwa mpumbavu nikashukuru namna hii.

Jumapili, 10 Machi

Nimeokota mavi malisho yote mawili, ndiyo adhabu aliyonipa Bi Hesketh badala ya kunifukuza. Mgongo umekwisha. Mchana Bi Ogle kaja na uma wake wa kuzolea mavi, akaanza upande wa pili bila neno. Tulipokutana katikati akaniambia zamu zangu zote za baridi alizifanya yeye, kwa kuwa aliona ninavyoinama kwa shida. Na banda langu? Hajawahi hata kulifikiria. Nimelia, sifichi. Nimeapa: ujanja basi!

Ila nimewaza jambo, na safari hii ni kwa ajili yake, asishike uma tena. Tangu Pickle afungiwe, Bramble hatoki, na mavi ya bandani hayana zamu, kila mtu anazoa ya farasi wake. Je, farasi wote wakimpenda Pickle hivyo? Hakuna atakayetoka, malisho yatakaa safi yenyewe! Inatosha kuwazoesha kula karoti mlangoni kwa Pickle. Bi Hesketh hataki mtu alishe farasi wa mwenzake, kwa hiyo nitaanza kesho kabla hajaamka.

Gunia la karoti liko jikoni. Bi Ogle atafurahi sana.