Kliniki ya Masikio

Sukari alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha ukuta wa chuo, akitafuna kijiti na kungoja riziki impitie, pale lango lilipofunguka na kundi la watu likatoka limenuna kama limetoka kung'olewa meno. Walikuwa wametoka kwenye usaili. Chuo kile kilikuwa na kanuni moja ngumu: hata uwe na vyeti vya kujaza gunia, huingii mpaka ukae mbele ya jopo, usikilize mhadhara wa Kiingereza, kisha uueleze kwa mdomo wako mwenyewe na kujibu maswali. Kusoma na kuandika wote walikuwa hawajambo. Kusikia na kusema ndiko kulikowaangusha.

“Yule mhadhiri anaongea kama kafukuzwa,” alilalamika mwanamke mmoja, fundi cherehani aliyetaka kusomea uuguzi. “Mimi bado natafuta neno la kwanza liko wapi, yeye keshafunga mada.”

“Afadhali wewe,” alisema kinyozi aliyetembea nyuma yake. “Mimi nilielewa kila kitu. Nilipofungua mdomo nijibu, ulimi ukagoma. Nikawapungia mkono nikatoka.”

Jopo lilikuwa limewaambia wajaribu tena muhula ukikaribia. Sukari akatema kijiti. Wapo watu ambao wakiona mwenzao analia hutoa leso. Sukari, akiona watu wanalia, hutafuta chumba cha kupanga.

Jina hilo la Sukari alilipata kwa sababu ya mdomo wake. Alikwisha kuwa wakala wa viwanja, ambavyo wateja walivikuta katikati ya ziwa, na mtaalamu wa kurudisha nywele kwa wenye vipara. Kote huko aliondoka salama, ingawa mara nyingine kwa kukimbia. Sasa Mungu alikuwa amemfungulia mlango mwingine, na Sukari hakuwa mtu wa kumkatalia Mungu.

Alipanga chumba kikubwa cha mbele kwa mama mmoja aliyestaafu kupokea simu hotelini, akanunua koti jeupe la mtumba na tochi ndogo, akaandika kwenye kibao: KLINIKI YA MASIKIO. Fundi na kinyozi walikuwa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza.

“Inama, dada,” alisema Sukari barazani, akimmulika fundi sikioni. Akaguna. Akahamia sikio la pili, akaguna zaidi. “Masikini. Kumejaa.”

“Kumejaa nini, Dokta?”

“Lugha za nyumbani. Zimelala humo tangu utotoni, zimejinyoosha miguu. Kiingereza kinakuja, kinapiga hodi, kinaona hakuna pa kukaa, kinaondoka zake. Lakini kinatibika.”

“Na gharama?”

“Gharama!” Sukari aliweka mkono kifuani, ameumia. “Dada yangu, natibu kwa huruma. Unaleta amana tu, kitu ambacho ukikikosa usingizi hauji. Ukifaulu usaili, unakichukua. Ukifeli, basi masikio yako ndiyo yaliyokataa dawa, na kitu kinabaki kliniki.”

Wagonjwa wakatazamana. Elimu ya bure! Kila mmoja aliona amempata mjinga. Kinyozi alileta kiti chake cha kunyolea, kile cha kuzunguka. Wengine wakaleta televisheni, jokofu, feni na godoro jipya. Fundi alileta cherehani yake, na hapo tusifanye mzaha, kwa sababu ile cherehani ndiyo iliyowalisha wanawe. Tangu siku hiyo alishona kwa mkono mpaka vidole vikavimba, na kila alipoitazama pale ukutani kliniki, ilimuuma.

Sukari alizipanga zile mali chumbani kama duka. Hakuwa na haja ya kuiba wala kukimbia. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuhakikisha wanafeli, na ni nani angemshinda katika hilo? Yeye mwenyewe Kiingereza chake kilikuwa “yesi”, “veri gudi” na “nekisti”, hili la mwisho la kumwitia mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo aliweka masharti ya kujilinda. Barazani Kiswahili ruhusa; ndani ya chumba ni marufuku, hata ukibanwa na mlango. Dokta haulizwi swali, maana sauti yake ni dawa kali, ikizidi inapasua ngoma ya sikio. Tiba ilikuwa redio ya Kiingereza, iwashwe asubuhi, izimwe jioni. Baada ya hapo kila mtu azungumze na mwenzake kuhusu alichosikia. Dokta yeye alikaa kwenye kile kiti cha kinyozi, akizunguka polepole, akisinzia.

Tiba safi ya uvivu. Ila wagonjwa, wakiwa wamefungiwa na redio na marufuku, wafanye nini? Mwanzoni walishika neno hapa, neno pale. Fundi, mtu wa kazi, akaanzisha mpango wake: mmoja anatoka nje habari zikisomwa, akirudi mwenzake anamsimulia kwa Kiingereza mpaka aelewe. Asipoelewa, msimuliaji anaanza upya. Kinyozi, aliyegomewa na ulimi, alijifanya ananyoa watu wa heshima na kuwapigia porojo za kinyozi kwa Kiingereza, kutwa nzima. Walikosea, wakachekana, wakarudia. Sukari alifumbua jicho moja, akasikia kelele, akaridhika.

“Veri gudi,” alisema, akalala tena.

Siku moja fundi alisimama mbele yake, akasema jambo refu kwa Kiingereza huku akielekeza kidole chini ya kiti. Sukari akatafakari, uso umejaa elimu. “Yesi,” alisema. “Veri gudi.” Chumba kizima kikakohoa.

Kilichomshtua ni redio. Kulikuwa na kipindi cha vichekesho, watu wa redioni wakicheka mara kwa mara. Mwanzoni wagonjwa walikuwa wakiwasikiliza kwa nyuso za msibani. Asubuhi ile Sukari aliamshwa na kicheko, akafumbua macho. Watu wa redioni walikuwa hawajacheka. Wagonjwa walikuwa wamewatangulia!

Jasho jembamba likamtoka. Hawa watu wanaelewa! Ubaya ni kwamba hakuwa na njia ya kuthibitisha. Walikuwa wakiongea mbele yake siku nzima, na yeye asijue kama ni Kiingereza cha kufaulia au uji mtupu. Alitamani amuulize mtu, lakini dokta gani anayemuuliza mgonjwa ugonjwa umefikia wapi katika lugha asiyoijua? Usiku hakulala. Aliliona jokofu likiondoka, feni ikiondoka, na alikwisha kuvizoea kama ndugu.

Akaamua. Akakodi pikapu, akamlipa dereva kabisa, na barazani akawatangazia wagonjwa kwamba kesho kliniki inahamia jengo la ghorofa lenye vipaza sauti. “Amana zenu zinanitangulia,” alisema. “Anwani nitawaletea.”

“Hongera, Dokta!” walishangilia. “Tutakuja kukusaidia kupakia.”

Na wakaja kweli, alfajiri, kwa moyo. Walibeba jokofu, wakabeba feni, wakaifunga cherehani kwa kamba vizuri mno. Sukari alikaribia kuwaonea huruma. Kabla ya kuondoka, fundi aliwaita wote ndani, pamoja na dereva na mama mwenye nyumba, akatoa hotuba ya kuaga. Ilikuwa ya Kiingereza, ndefu, yenye vituo na ishara za mkono. Mwishoni akamgeukia Sukari kwa swali.

“Yesi,” alijibu Sukari, mkono kifuani. “Veri gudi.”

Mama mwenye nyumba naye akamsogelea, akasema neno lake fupi kwa Kiingereza laini cha hotelini, akitabasamu. Kumbe naye ana mahaba na kliniki!

“Yesi. Veri gudi.”

Nje, fundi alimnong'oneza dereva kitu. Dereva akakuna kichwa, akamfuata Sukari. “Bosi, huyu dada anasema ndivyo ulivyoamua mbele yetu. Ndivyo?”

Sukari hakujua ndivyo ni vipi. Lakini wagonjwa wote walikuwa wakimtazama. “Dereva,” alisema kwa ukali wa kitaalamu, “neno langu huwa halibadiliki.”

“Haya, bosi.”

Aliingia ndani kuchukua redio yake. Alipotoka, pikapu ilikuwa inakata kona, wagonjwa wote wamo nyuma juu ya mali zao, kinyozi akiwa amekaa kwenye kiti chake akizunguka. Sukari alikimbia mpaka koti likapeperuka, akarudi anahema. Mama alikuwa barazani ameegemea nguzo.

“Mama, wameniibia!”

“Wamekuibia wapi, mwanangu? Umewapa mwenyewe. Yule dada alikuuliza: Dokta, kwa kuwa tumepona, unaturuhusu tuchukue amana zetu leo, kabla ya usaili, na pikapu yako itufikishe nyumbani? Ukakubali. Hata mimi nilistaajabu jinsi ulivyo na roho nzuri.”

Sukari akakaa chini. “Walijua tangu lini?”

“Tangu siku alipokuambia kuna nyoka chini ya kiti chako.”

Lakini Sukari, kwa kuwa ni mtu wa kujifuta vumbi na kuanza upya, akasimama. “Haya, mama. Yamekwisha. Nakuaga, nimwahi mtu stendi.”

“Uende wapi tena, na tumekubaliana?”

“Tumekubaliana nini?”

“Pale ndani, wewe na mimi, watu wakisikia.” Mama alifungua mlango wa stoo, akatoa sururu na koleo, akaviegemeza ukutani taratibu. “Nilikuomba kwa adabu kama utanichimbia shimo jipya la choo badala ya kodi ya chumba unayodaiwa, na kama ungependa kuanza leo.”

Sukari aliitazama sururu, akatazama njia. Wana wawili wa kiume wa yule mama, wabeba mizigo wa sokoni, walikuwa wanaingia langoni.

Akavua koti.