Ruhusa za Cheti cha Chama cha Ndizi

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Siku kuu! Madam Celestine, meneja wa chama chetu cha wauza ndizi hapa Sironga, amenikabidhi huduma ya mtandaoni inayotunza cheti cha usalama cha tovuti yetu. Kikiisha, wanunuzi wa Nairobi huonywa kwamba tovuti si salama, na hawaagizi. Kitaisha Jumamosi asubuhi. Nipange nani anaruhusiwa nini. Nikifaulu, nitakuwa mkuu wa kompyuta. Nikishindwa, ni Phanice wa mauzo. Phanice!

Jumanne, 4 Novemba
Ruhusa zilizokuja na huduma ni za watu wa kawaida. Nimetunga zangu. Kuongeza muda wa cheti: Nyamongo, yaani mimi. Kukifuta: Nyamongo. Kubadilisha ruhusa: Nyamongo. Phanice: kusoma jina la cheti. Kauliza, je, nikiugua? Nimemjibu kwetu hatuugui. "Sawa, Omogaka," akasema, akiniita mzee mheshimiwa kwa Kigusii, "na choo pia utuwekee ruhusa." Wivu.

Jumatano, 5 Novemba
Wazo zito! Mimi Msabato, Phanice Mkatoliki. Jumamosi nikiwa kanisani anaweza kunizunguka. Basi nimeweka sharti: jua likizama Ijumaa, ruhusa zote zinalala hadi jua lizame Jumamosi. Hata zangu. Mfumo unaotunza Sabato! Nyamira nzima hakuna. Nimemweleza mzee wa kanisa. Alinishika bega, akaniombea. Aliguswa.

Ijumaa, 7 Novemba
Tangu asubuhi Phanice ananisihi niongeze muda yaishe. Nimekataa. Kazi kubwa hufanywa mbele ya mkubwa, na Madam alikuwa Kisii. Mvua ikamchelewesha. Alipoingia, taa zilikuwa zimewashwa. Nikavaa koti, nikamvutia kiti. Nikabonyeza. Huna ruhusa! Nikabonyeza tena. Madam akauliza ni nani aliyeninyima. Nikasema, kwa fahari kidogo, ni mimi. Basi ondoa hilo sharti, akasema. Haiwezekani, nikamjibu, ruhusa ya kuliondoa nayo imelala. Sharti langu ni imara! Imebaki akaunti kuu ya chama, ambayo hufunguliwa kwa simu ya Madam ya zamani. Iko kwake Kisii. Ameondoka bila kuaga.

Jumapili, 9 Novemba
Cheti kilikufa jana asubuhi nikiimba besi kanisani. Wanunuzi walikimbia, ndizi zikaanza kuiva ghalani. Madam akamfungulia Phanice akaunti kuu, naye akaongeza muda kabla ya chakula cha mchana. Bila hata kuvaa koti.

Jumatatu, 10 Novemba
Phanice sasa ni mkuu wa kompyuta. Amenisomea ruhusa yangu mpya mbele ya wapakiaji, akicheka: kutazama tu. Nimeenda kando kutafakari. Phanice ataongeza muda. Phanice atabadilisha. Phanice atatoka jasho. Mimi nitatazama. Na ni nani hukaa akitazama wengine wakifanya kazi? Mkubwa! Wamenipandisha cheo bila kujua. Nimemwomba Madam kiti chenye magurudumu.