Popo kwenye Droo ya Bi Rula

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi ya mkuu wa masjala iko wazi. Tunaoiwania tuko wawili: mimi na Bi Rula, anayeitwa hivyo kwa kuwa hapigi hata mstari bila rula. Kesho mkurugenzi anakagua. Leo, nyuma ya kabati la mafaili, nimekuta popo sakafuni, mchana kweupe, anapapatika bila kuruka. Riziki hiyo! Nikamshika kwa mkono, nikamtia kwenye droo ya Bi Rula. Kaniuma kidole, mshenzi. Alama yenyewe kama ya pini. Nimekifuta kwenye suruali, basi.

Jumanne, 5 Machi
Bi Rula kavuta droo mbele ya mkurugenzi. Popo kafia humo. Nilingoja mayowe. Wapi! Kaifunga taratibu, kauliza nani amemgusa mnyama huyu. Mkurugenzi kasema aliyemgusa aende zahanati leo hii, hatalaumiwa. Wote kimya. Mimi kimya kuwashinda wote. Kisha Bi Rula akasifiwa kwa utulivu wake! Mchimba kisima huingia mwenyewe, eti. Wahenga nao walikuwa na maneno mengi.

Jumatano, 6 Machi
Muuguzi kaja kubandika karatasi ubaoni. Kumbe popo naye huambukiza kichaa cha mbwa! Dalili: homa, kuumwa kichwa, kuwashwa palipoumwa, kuogopa maji, kuchanganyikiwa. Nimesoma mara sita. Niliposoma mara ya pili tu, kidole kikaanza kuwasha. Sikwenda zahanati, wataniuliza niliumwaje. Nimejipima mwenyewe: glasi ya maji kila nusu saa. Naogopa? Siogopi! Glasi kumi na tatu. Mkurugenzi kauliza kama nimehamishiwa chooni.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu kauliza kwa nini nakunywa maji huku najitazama kwenye kioo. Nikamsimulia habari za rafiki yangu aliyeumwa na popo, anangoja dalili ndipo aende kutibiwa. Kauliza huyo rafiki ana watoto wangapi. Nikasema wawili. Kasema kama sisi. Halafu akalia. Iliniuma, sitaki kusema uongo humu pia. Kanishika ukosi wa shati hadi zahanati.

Muuguzi kanioshesha kidole kwa sabuni na maji ya bomba robo saa nzima, huku ananisema. Eti ningefanya hivyo palepale Jumatatu. Eti meno ya popo ni madogo, wengine hawaoni hata alama. Eti anayengoja dalili anangoja jeneza, maana zikishatokea hakuna tena dawa. Sindano nne: leo, Jumapili, Alhamisi ijayo na Alhamisi ya baada yake. Nisiruke hata moja. Kwenye fomu, palipouliza niliumwaje, nimeandika: nikimwokoa popo.

Jumapili, 10 Machi
Sindano ya pili. Bega linauma. Mke wangu kanisindikiza hadi mlangoni, haniamini.

Jumatano, 13 Machi
Ofisi nzima sasa inajua nilijaribu kumwokoa popo. Nimeieleza mwenyewe. Ila barua imekuja: usaili ni kesho, wa Bi Rula saa tano, wangu saa tatu, saa ileile ya sindano. Bi Rula kaniita pembeni, kasema tubadilishane, yeye aingie kwanza, mimi nikachomwe kisha nije saa tano. Kasema afya kwanza, kaka. Nimemwona! Anataka niwakute wasaili wamechoka, wameshampenda yeye. Hanipati. Nimekataa.

Mke wangu nimemwambia zahanati imeahirisha. Muuguzi nimempigia kwamba kesho sitafika. Kapaza sauti, kauliza nina akili kweli. Nimemtuliza. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, dalili sina hata moja.