Nilivyoinama Kijapani Leo

Leo nimepatikana. Wadada niliosoma nanyi lise, nimeaibika mpaka masikio yanawaka, na ninaandika haraka kabla video ya Solange haijawafikia. Muniamini mimi, musiamini ile video. Video haionyeshi sababu.

Nianze mwanzo, hasira isiniharibie hadithi.

Iko Mujapani mumoja hapa Bunia, Madame Haruka, anayefanya kazi na wamama wa kambi yetu wanaosuka mikeka. Kwao kazi yake ilikuwa kuongoza wageni. Watu wanatoka nchi zote, anawapeleka vijijini siku kumi, wanalala kwa wenyeji, wanajifunza kwa nini Mujapani anafanya hivi na si vile. Sasa anataka kupeleka wamama watano wa kambi katika safari kama hiyo, kwa mafundi wa mikeka wa kwao. Watano wamekwisha kuchaguliwa. Alibakia mutu mumoja mwenye kujua Kifaransa, wa kuwaongoza na kuwatafsiria. Tulikuwa wawili kwa nafasi hiyo, mimi na Solange. (Ndiyo, Solange yule yule. Bado anajipaka manukato hata kwenda kuteka maji.)

Niseme wazi: niliitaka nafasi ile kuliko chakula. Tangu tukimbie vita kwetu Fataki, mwaka na miezi miwili chini ya hema, sijachaguliwa kwa kitu chochote isipokuwa kusimama kwenye musitari wa unga. Nina diploma ya Leta, ya serikali, mimi. Iko ndani ya mufuko wa plastiki, chini ya sufuria.

Na huyu Madame, ninamupenda. Anakuja saa aliyosema. (Bunia! Saa aliyosema!) Akikupa kitu, hata sindano, anakupa kwa mikono miwili. Alitufundisha kwamba kwao viatu vinavuliwa mulangoni, halafu unavigeuza viangalie nje, ili saa ya kutoka usihangaike. Siye wa Fataki tulicheka mpaka machozi, tukamuambia viatu vyetu vinaangalia mulango tangu vita ianze. Yeye hakucheka. Alisema kwao ardhi inatikisika, na watu wanalala viatu vikiwa karibu na kitanda. Siku hiyo nilisema moyoni, hawa ni ndugu zetu.

Basi, leo, kwa Madame, ilikuwa mutihani wa kuchagua mumoja kati yetu wawili. Wote tumevaa kikwembe, kitenge cha namna moja, cha kijani chenye samaki, hata Madame alishonewa chake. Mutoto wangu Plamedi nilimuacha nje na tate yake, mama mukwe wangu. Juzi Madame aliniuliza mutoto atafanya namna gani siku kumi bila mimi. Nilimujibu amezoea tate yake, mimi hata hanitafuti. (Shetani alikuwa anasikiliza.)

Nikaingia. Nikavua viatu, nikavigeuza. Nikapanda kwenye mukeka, nikageuka. Madame amesimama mbele yangu, mugongo wake kwa mulango. Solange iko kwenye benchi na telefone yake. Nikatoa salamu ya Kijapani, nikainama. Si kuinama kidogo. Nikainama mpaka naona magoti yangu mwenyewe. Madame naye akainama. Na sheria aliyotufundisha ni kwamba mudogo hainuki mpaka mukubwa ainuke kwanza. Yeye ana miaka yake hamsini, mimi ishirini na sita. Kwa hiyo nangoja.

Nangoja.

Nikasikia malapa nyuma ya Madame. Mutu ameingia, mutu ametoka. Sikuinua kichwa, nimefundishwa mimi. Naona soksi nyeupe za Madame tu. Hainuki. Nikasema ahaa, mutihani wenyewe ndio huu, anapima uvumilivu. Mugongo unawaka moto. Na Solange amenyamaza kabisa, kitu ambacho hajafanya tangu azaliwe. Ilibidi nistuke hapo. Sikustuka.

Halafu nikaona maji.

Tone moja, kwenye soksi ya Madame. Tone lingine. Halafu mufereji mudogo, unashuka na muguu, unaingia kwenye mukeka.

Wadada, nisemeje. Nilifikiri Madame amejikojolea.

Mama wa watu! Ameinama sana kwa ajili yangu, kibofu kimemushinda, na sasa haya ndiyo inamuzuia kuinuka. Nikakata shauri: mutu aliyenipa sindano kwa mikono miwili, mimi sitamuaibisha. Sijaona kitu. Nitabaki hapa chini mpaka akauke. Nikafunga macho kabisa.

Ndipo nikasikia kikohozi. Kikohozi ninachokijua, kile cha kila usiku hemani.

Nikainua kichwa. Plamedi iko juu ya mugongo wa Madame Haruka. Amefunikwa na kikwembe cha kubebea, anatafuna nywele zake, amefurahi kama mutoto wa governeri. Na Madame ameshika zile ncha za kikwembe mbele ya kifua, kwa mikono miwili, kama anavyoshika kila kitu. Mukojo wa Plamedi unamutiririka.

Akaniuliza pole pole, bado ameinama, "Ninaweza kuinuka sasa?"

Nilimutoa mutoto, nikamugeukia mama mukwe, aliyekuwa amerudi mulangoni kuangalia. Niliwaka.

"Mama, umefanya nini?"

"Mutoto iko nalia. Nimeona mwanamuke ameinama, nimemuwekea."

"Yule si mimi!"

"Kikwembe ni kile kile."

"Mama, nilikuwa ninasalimia watu!"

Akaniangalia kama mimi ndiye mujinga. "Fataki uliinama, nikakuwekea huyu mutoto, tukakimbia, tukapona. Siku ile niliuliza kama weye unasalimia?"

Hasira ikazimika. Hata Solange alishusha telefone. (Baada ya kupiga video ya kila kitu.) Madame, soksi zimelowa, akaniomba nitafsiri. Nikatafsiri yote. Akamuinamia mama mukwe, na mama mukwe akamuangalia ule mugongo kwa namna ambayo nilikumbatia Plamedi kwa nguvu, asiwekwe pale tena.

Halafu Madame akasema yeye alifikiri hiyo ndiyo desturi yetu, kwamba mugeni wa heshima anapewa mutoto wa nyumba abebe. Ndiyo sababu hakuthubutu kusogea. Akasema ameongoza wageni miaka mingi, na hakuna hata mumoja aliyewahi kuinama muda wote huo. Akaniuliza, "Ulikuwa unafikiri nini pale chini?"

Wadada. Kalamu yake ilikuwa mukononi.

"Heshima, Madame," nilisema. "Heshima tu."

Akaandika jina langu.

Sasa mama mukwe anazunguka kambi nzima, anaambia watu ni yeye ananipeleka Japani. Sijamusamehe, ila leo nitamupa nyama kubwa. Video muangalie, mucheke, ruhusa ninatoa. Lakini atakayemuambia Madame nilichofikiri kweli pale chini, nitakuja kwake, nimungoje ainame kufagia, nimuwekee Plamedi mugongoni. Ameshiba maji.